Saa Mbili Zenye Namba Moja

Haya yalimpata jirani yetu wa ghorofa ya juu, Anselme Jaquier. Wauza saa wote wa Geneva waliliamini jicho lake. Akisema saa ni halisi, basi ni halisi. Akisema bandia, hakuna wa kubisha.

Asubuhi moja ya Novemba, msimu wa minada, mama mmoja mtu mzima, mwenye nywele nyeupe ndefu, aliingia ofisini kwake, juu ya ukumbi wa mnada. Alikuwa Odile Perrochet, mjane wa fundi saa kutoka bonde la Joux. Akafungua leso, akatoa saa ya mkono ya marehemu mumewe.

Anselme alifungua mfuniko wa nyuma, akainamia lenzi, akasoma namba iliyochongwa ndani. Namba ile aliijua. Saa nyingine yenye namba hiyohiyo ilikuwa chini, kwenye kabati la kioo, ikingoja mnada, na aliyeipitisha kuwa halisi ni yeye. Sasa aliona wazi kwamba alikosea. Ya mjane ndiyo halisi.

Angesema hivyo, jina lake lingekwisha.

"Pole, mama. Hii bandia. Nadhani mumeo aliiunda mwenyewe."

"Fernand wangu? Unataka kusema alikuwa tapeli?"

"Nasema ninachokiona."

Mama aliifunga saa kwenye leso kwa mikono miwili, akatoka bila kuaga. Chakula cha mchana kilimshinda Anselme. Kila akifumba macho aliiona mikono ile.

Siku ya mnada ukumbi ulifurika. Mnadishaji, Solange, alimsogelea.

"We, mbona umepauka kama jibini la mbuzi?"

"Usingizi tu."

Akawatazama watu. Safu ya mwisho aliketi Odile Perrochet, koti limefungwa hadi shingoni, midomo ikicheza. Ukumbi ulijaa kelele, lakini sauti yake ilimfikia sikioni kabisa. Ya baridi.

"Fernand alikuwa tapeli?"

Anselme akamshika Solange mkono. "Bibi Perrochet kaja kufanya nini?"

"Perrochet yupi? Yule wa Joux?" Solange akashusha sauti. "Si amezikwa jana? Dada yake kapiga simu. Alifia kwenye treni, akirudi kwao kutoka hapa kwetu. Ile saa ya mumewe wamemzika nayo mkononi."

Anselme akageuka. Mama alikuwa safu ya katikati.

Akapepesa macho. Safu ya mbele.

Hakuna aliyemwona akiinuka.

"Alikuwa tapeli?"

"Hapana!" Anselme alipiga kelele, na ukumbi wote ukamgeukia. "Hakuwa! Saa ya kabatini ndiyo bandia. Niliipitisha kwa makosa, kisha nikamdanganya mjane kulinda jina langu. Nilimvunja moyo, akaenda kufa. Ni mimi."

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Solange aliitoa saa ile kabatini, akaifungua mbele ya watu. Ndani, unywele mmoja mweupe, mrefu, ulikuwa umejizungusha kwenye magurudumu, umekaza kama uzi wa kushonea. Walijaribu kuutoa kwa kibano. Haukutoka. Haukukatika.

Mashine iliyofungwa namna ile haiwezi kutembea.

Ilikuwa inatembea.