Spana Juu ya Paa

Kila asubuhi Kiberiti aliamshwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake akifungua mlango wa nyuma. Ya pili ilitoka juu ya bati, kong, kong, kila upepo ulipovuma. Alidhani ni kunguru anayetafuta ugomvi, akawa anajifunika shuka hadi masikioni. Kisha aliamka, akafagia, akajaza ndoo za maji na kupita mbele ya kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba yao. Rimu mbili zilikuwa bado zinaning'inia msumarini. Pampu ya mguu ilisimama pembeni, kana kwamba mwenyewe ameenda dukani mara moja na atarudi.

Mwenyewe hakuwa wa kurudi tena. Baba yake Kiberiti alikuwa fundi baiskeli, na alifariki mwanzoni mwa mwaka kwa ugonjwa uliomchukua haraka. Yeye ndiye aliyempa binti yake jina hilo tangu akiwa anajifunza kutembea. Shuleni wenzake walilipokea kwa mikono miwili, maana lilimfaa. Ukimgusa tu, anawaka.

Muhula huo mwalimu wa Kiswahili alianzisha jambo jipya. Kwenye kompyuta za shule alifungua wiki ya darasa, yaani kurasa ambazo kila mwanafunzi aliruhusiwa kuandika, kuongeza na kurekebisha, hata zile zilizoanzishwa na mwenzake. Kompyuta ilitunza kila toleo la zamani, hivyo hakuna neno lililopotea. Mada ilikuwa watu na kazi zao. Sheria zilikuwa chache: andika unachokijua, na ukiondoa maneno ya mwenzako, eleza sababu katika sehemu ya majadiliano. Mwishoni kurasa zingechapishwa ziwe kitabu cha maktaba. Ukurasa ambao ungekuwa bado unagombaniwa ifikapo Ijumaa haungeingia kitabuni.

Kiberiti alianzisha ukurasa wa baba yake siku ileile. Aliandika kwamba fundi alikuwa mpole kama maji ya mtungini, kwamba hakuwahi kumkaripia mtu, na kwamba kila baiskeli ilitoka mikononi mwake ikiwa mpya. Wenzake wakaongeza yao. Mmoja alieleza jinsi fundi alivyozamisha tyubu kwenye karai la maji na kutafuta tundu kwa kutazama mapovu. Mwingine alikata sentensi ndefu zikawa mbili. Kiberiti alivumilia, ingawa kila rekebisho lilimuuma, kama vile mtu ameingia kibandani na kuanza kuhamisha vitu.

Ndipo akaja Pancha. Huyu alikuwa mvulana wa dawati la nyuma, na aliitwa hivyo kwa sababu baiskeli yake haikukaa wiki moja bila kutoboka. Katikati ya ukurasa aliandika: "Fundi alikuwa mkali. Siku moja alirusha spana kwa hasira."

Kiberiti hakusoma zaidi ya hapo. Alifuta aya nzima, na mahali pa sababu akaandika neno moja: Uongo. Kesho yake aya ilikuwa imerudi. Akaifuta, akaandika: Nimeshasema ni uongo. Ikarudi tena. Darasa zima likawa linafungua ukurasa ule kila kipindi kutazama nani ameshinda, kama watu wanaotazama mpira.

Mwalimu aliwaita wote wawili kwenye chumba cha kompyuta. Hakumlaumu yeyote. Aliwakumbusha tu kwamba Ijumaa haiko mbali, na akauliza kama wanataka fundi akose nafasi kitabuni.

"Basi akose," alisema Kiberiti. "Afadhali asiwepo kuliko awekwe na matusi."

Pancha alikuwa anakwaruza ukingo wa meza kwa kidole gumba. "Umesoma mpaka mwisho?" aliuliza taratibu.

"Sihitaji kunywa bahari yote ndipo nijue ina chumvi."

"Mimi nilikuwepo, Kiberiti. Wewe hukuwepo. Kamuulize mama yako."

Kiberiti alitoka. Njia nzima alipanga maneno. Akilini alimwona tayari mama yake akifunga mlango, akienda shuleni na kumnyoosha yule mvulana mbele ya watu.

Alimkuta mama amekaa kwenye kigoda cha kibandani, anapaka vifaa mafuta visipate kutu. Kiberiti alimwaga yote bila kupumua. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaweka kitambaa chini. Kisha akacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu siku ya mazishi. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye mafuta.

"Alirusha, mwanangu," alisema. "Siku hiyo wewe ulikuwa kwa shangazi yako. Mtoto wa watu alikuja na baiskeli ambayo breki zake zimefungwa kwa kamba, anataka kuzibiwa pancha tu aende zake. Baba yako alipoiona ile kamba, spana ikaruka." Aliinua kidole kuelekea juu. "Sikiliza."

Upepo ulipita. Kong, kong.

"Ndiyo hiyo, upepo ukitikisa bati inagonga. Nilimwambia apande aiteremshe, akaona haya kwamba majirani watamuuliza imefikaje. Sasa siwezi kuiondoa mimi."

Kiberiti alitazama juu. "Lakini alikuwa mpole," alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika.

"Alikuwa mpole, na alikuwa na hasira za karibu. Ulidhani jina lako lilitoka wapi? Watu husema moto huzaa majivu. Wa baba yako ulizaa kiberiti."

Asubuhi iliyofuata Kiberiti alifika shuleni mapema, akafungua toleo la zamani la ukurasa na kusoma aya ya Pancha hadi nukta ya mwisho. "Fundi alikuwa mkali. Siku moja alirusha spana kwa hasira. Aliirusha juu, hakunirushia mimi. Kisha alifungua gurudumu langu la mbele akalificha, ili nisipande baiskeli isiyo na breki. Alinisindikiza nyumbani kwa miguu, na njiani alinieleza jinsi breki inavyoshika rimu. Tangu siku hiyo natazama breki kabla ya kupanda."

Aliirudisha aya yote. Kisha alifuta sentensi yake mwenyewe, ile ya kutomkaripia mtu. Mahali pa sababu aliandika: Haikuwa kweli. Nilitaka tu iwe hivyo. Chini ya maneno ya Pancha aliongeza kwamba spana ile bado iko juu ya paa, na kwamba upepo ukivuma inasikika.

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja kupitia kurasa kabla ya kuchapishwa. Alipofika kwenye spana, alikunja uso, akasema marehemu hasemwi vibaya na kwamba sehemu hiyo itolewe. Pancha aliinamisha kichwa.

Kiberiti alisimama.

"Samahani, mwalimu. Sitaitoa. Huyo ni baba yangu, na ndivyo alivyokuwa. Anayetaka kuitoa aandike sababu, ndiyo sheria yetu. Ila naomba kwanza asome mpaka mwisho."

Mwalimu mkuu alimtazama juu ya miwani, kisha akarudi kwenye skrini. Alisoma. Akasoma tena. Halafu alivuta kiti, akakaa, na kwa kidole kimoja akaanza kubonyeza herufi polepole. Alipoondoka, wote walikimbilia kompyuta. Chini kabisa palikuwa na sentensi mpya: "Mimi pia alinifichia gurudumu, na nilikuwa tayari mwalimu mkuu."

Kicheko kilipotulia, mwalimu wa Kiswahili alisimama karibu na dirisha.

"Kusema ukweli juu ya tunayempenda si kumvunjia heshima," alisema. "Na hakuna anayeweza kumkumbuka mtu kwa ukamilifu akiwa peke yake. Kila mmoja ana kipande chake. Ndiyo maana tunaandika pamoja. Kabla hujafuta kipande cha mwenzako, kisome mpaka mwisho."

Jioni ile Pancha alipita kwa kina Kiberiti, akajitolea kupanda juu kuiteremsha spana. Kiberiti alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono kiunoni.

"Thubutu," alisema. "Iache hapohapo."

Upepo ulikuwa unaanza kuvuma.