Jumamosi Mbili za Kapu Tupu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Hayat alikuwa na kazi tatu: kuleta maji, kumpa baba yake chai, na kusoma mshale. Maji aliyaleta kutoka kwa mchuuzi, maana bomba la umma pale mtaani kwao, Makina, lilizinduliwa kwa utepe na makofi, na tangu siku ile halijatema hata tone. Kazi hizo mbili za kwanza alizifanya macho yakiwa bado na usingizi. Ya tatu aliifanya kama daktari anayemtazama mgonjwa.

Mshale wenyewe ulikuwa mrija wa soda. Mwalimu Nalianya, aliyewafundisha sayansi gredi ya sita, ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kutengeneza chombo kile. Unachukua chupa ya jemu, unakata puto na kulivuta juu ya mdomo wa chupa mpaka likaze kama ngozi ya ngoma, unalifunga kwa uzi. Kisha unagundisha mrija juu ya puto, ncha moja katikati, ncha nyingine ikitokeza nje. Nyuma ya ile ncha ya nje unasimamisha kadi yenye mistari.

“Hewa ina uzito, ingawa hamuioni,” Mwalimu Nalianya aliwaambia. “Ikikandamiza sana, inalisukuma puto ndani, na mshale unapanda. Ikilegea, puto linavimba, na mshale unashuka. Mara nyingi hewa ikilegea, mvua iko njiani. Na wavuvi wengi watakwambia kwamba samaki hula kwa pupa wakati huo, kabla mvua haijafika.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfanya Hayat akae wima kwenye dawati. Baba yake, Abdulmajid, alikuwa mwashi. Lakini kazi za ujenzi siku hizi zinakwenda kwa wenye wajomba ofisini, na yeye hakuwa na mjomba hata mmoja mwenye kiti. Kwa hiyo kila Jumamosi alikwenda kuvua kwa ndoana upande wa Kawangware. Huko kulikuwa na shimo la machimbo ya mawe ambalo wenyewe walilitelekeza likajaa maji ya chemchemi. Mzee Kaloki alilitia samaki na kulitunza vizuri, mpaka likawa bwawa.

Bwawa lilikuwa dogo, na Mzee Kaloki alikuwa na sheria zake. Wavuvi ni kumi tu, si zaidi. Kila mmoja ana zamu moja kwa Jumamosi, achague asubuhi au mchana. Na mvuvi anayerudi na kapu tupu mara tatu mfululizo anampisha mwingine, kwa sababu foleni ya wanaosubiri ni ndefu. Samaki wa bwawa lile ndio waliokuwa kitoweo cha nyumba ya Hayat tangu mama yake alipofariki, na waliobaki ndio walioleta unga na madaftari. Kuikosa nafasi ile kulikuwa sawa na kufungiwa mlango wa jikoni.

Jumamosi ya kwanza baada ya kutengeneza chombo, Hayat aliamka, akaona mshale umeshuka mistari miwili.

“Baba, nenda asubuhi hii hii! Samaki watakula!”

Abdulmajid akacheka, lakini akaenda. Saa tano mvua ikamwagika, na yeye akarudi amelowa chepechepe, na samaki kumi na mmoja kapuni. Habari zikaenea. Kasiva, rafiki yake Hayat, akaanza kumwita Bi Hewa.

“Sasa Bi Hewa! Niambie basi, kesho nianike sare ama niivae mbichi?”

“Poa. Ianike tu, mteja wangu.”

Jumamosi ya pili mshale ukashuka tena. Baba akaenda asubuhi, akarudi saa sita na kapu tupu. Jumamosi ya tatu mshale ukashuka vile vile. Baba akaenda, na kapu likarudi jepesi kama lilivyoondoka.

“Mzee Kaloki amenikumbusha sheria,” Abdulmajid alisema huku akiiviringisha mishipi yake taratibu. “Nimebakiwa na Jumamosi moja.”

Hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomchoma Hayat zaidi. Afadhali angemgombeza.

Jumatano jioni Hayat alikaa na daftari lake la uchunguzi mapajani. Kesho yake Mwalimu Nalianya angeyakusanya madaftari yote. Kwenye safu ya mshale aliandika kila alichokiona. Kwenye safu ya samaki, Jumamosi mbili zilikuwa na sifuri, nono na nyeusi, zikimkodolea macho. Akafikiria darasa zima likicheka. Akafikiria jina la Bi Hewa likigeuka kuwa kejeli. Akachukua kifutio. Penye sifuri ya kwanza akaandika sita, na penye ya pili akaandika nne.

Alhamisi, Mwalimu Nalianya alilisoma daftari lile mbele ya darasa.

“Jumamosi tatu, na mara zote tatu mshale umesema kweli! Mpigieni makofi. Hayat, chombo chako hakina kasoro. Kiache pale pale kilipo, uendelee hivyo hivyo.”

Makofi yalipigwa. Hayat alikaa chini. Kuendelea hivyo hivyo? Akiendelea hivyo hivyo, keshokutwa Baba angerudi na kapu la tatu tupu.

Wakati wa mapumziko Kasiva alimvuta mkono hadi nyuma ya darasa.

“Hebu niambie. Hao samaki sita waliingia tumbo la nani? Kwa sababu Jumamosi hiyo baba yako alikuja kumsalimia baba yangu, akala ndengu kwetu mpaka akalamba mwiko. Mtu aliyekula samaki halambi mwiko wa ndengu.”

“Kasiva, tafadhali, polepole.”

“Sisemi kwa mtu. Lakini wewe unampeleka baba yako machimboni na chombo kibovu, halafu mwalimu anakiita kizima. Nani atakitengeneza kama ni kizima?”

Hayat alisimama kidogo akiuma kidole, kisha akapiga moyo konde na kwenda moja kwa moja hadi ofisi ya walimu.

“Mwalimu, nimedanganya. Si kuhusu mshale, ni kuhusu samaki. Jumamosi mbili Baba hakupata kitu. Niadhibu, lakini nisaidie kwanza, maana keshokutwa akikosa tena ananyang’anywa nafasi yake.”

Mwalimu Nalianya alivua miwani, akasogeza kiti.

“Kaa. Futa huo uongo, uandike sifuri zako kwa kalamu ya wino. Haya. Mshale hujaubadilisha popote?”

“Hapana, Mwalimu. Naapa.”

Mwalimu aliyashusha macho kwenye karatasi, kidole kikifuata mistari. Jumatatu, umetulia. Jumanne, umetulia. Jumamosi, umeshuka mistari miwili. Wiki iliyofuata vivyo hivyo, na ile nyingine pia.

“Angalia hapa. Hewa ingelegea kweli, ingelegea siku yoyote. Hii yako inalegea Jumamosi tu, na saa ile ile. Mbingu haina kalenda, Hayat. Kwenu Jumamosi asubuhi kuna nini ambacho siku nyingine hakuna?”

“Hakuna kitu. Ni Habooba tu anayekaanga mandazi.” Ndivyo alivyomwita nyanya yake, Sitelbanat, kama Wanubi wote wanavyowaita nyanya zao.

“Anakaangia wapi?”

“Ndani. Siku nyingine chai tunaichemshia nje, lakini jiko la mandazi liko...” Jiko liliwekwa chini ya rafu. Na juu ya rafu ndipo chupa ilipokaa.

“Umeshajijibu,” Mwalimu alisema. “Hewa iliyofungwa ndani ya chupa ikipata joto inatanuka, inalivimbisha puto, na mshale unashuka. Umekuwa ukipima mandazi, si mvua. Ile Jumamosi ya kwanza mvua ilikuja yenyewe kwa bahati. Ungeniachia wale samaki sita na wanne, nisingeligundua hili hata kwa mwaka mzima.”

Suluhisho lilikuwa kuikinga chupa na joto, la jiko na la mabati pia. Mwalimu alieleza kwamba inafaa kuzungukwa na kitu kisichopitisha joto upesi. Hapo Kasiva, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni bila haya, aliingiza kichwa.

“Unga wa mbao! Baba yangu anautupa magunia kwa magunia.”

Baba yake, fundi Mutinda, alitengeneza vitanda karibu na Soko la Toi. Jioni ile wasichana wawili walibeba ndoo ya unga wa mbao hadi Makina, wakaizika chupa humo mpaka shingoni, wakaisukuma ndoo kwenye kona ya mbali na jiko, kwenye udongo baridi.

Jumamosi ilipofika, Habooba aliwasha jiko kama kawaida. Mafuta yakachemka, nyumba ikajaa harufu tamu, na Hayat akapiga magoti mbele ya ndoo. Mshale haukushuka hata kidogo. Ulikuwa umepanda mstari mzima.

Abdulmajid alikuwa tayari mlangoni, kapu begani.

“Baba, usiende asubuhi. Chukua zamu ya mchana.”

“Huyu mtoto atatumaliza na hiyo chupa yake!” Habooba alifoka, mwiko mkononi. “Wiki mbili amempeleka babake jangwani!”

“Mama, hebu tumsikie,” Abdulmajid alisema.

Hayat alimweleza yote: kifutio, makofi, jiko. Hakuruka neno, hata penye kifutio. Alipomaliza, baba yake alikuwa akiangalia sakafu.

“Sasa unajua, au unabahatisha?”

“Najua kwamba chombo kilikuwa kinapima jiko, na sasa kinapima hewa. Sasa hivi hewa ni nzito. Samaki wenyewe siwezi kuwaapia, Baba.”

Abdulmajid alilishusha kapu. “Nipe chai nyingine,” alisema.

Saa tano mshale ulianza kushuka. Kufikia saa saba ulikuwa umeshuka zaidi ya mstari mmoja, na jiko lilikuwa limezimwa zamani. Baba na binti wakaondoka pamoja.

Mzee Kaloki aliwapokea langoni akitikisa kichwa. “Wa asubuhi wameondoka wamenuna, Abdulmajid. Watu watano, samaki wawili. Wewe leo ndiyo leo.”

Abdulmajid alitia nyungunyungu kwenye ndoana zake mbili, akazirusha. Nusu saa ikapita, maji yametulia kama kioo. Kisha kutoka upande wa Ngong mawingu yakaanza kujikusanya, upepo ukakuna uso wa maji, na mwanga ukapungua. Mshipi mmoja ukavutwa. Abdulmajid akavuta, na tilapia mwenye upana wa kiganja akaruka nje. Hata hajamtoa vizuri kwenye ndoana, mshipi wa pili ukakazika.

“Huyo! Huyo Baba, mshike!”

“Ninyamazie, utawatisha!” alisema Baba, lakini alikuwa akicheka kuliko binti yake.

Mvua ilipoanguka, kapu lilikuwa na tilapia saba na kambare wawili. Kambare wa tatu, mkubwa kuliko wote, alikata mshipi na kwenda zake. Mzee Kaloki aliliinua kapu kupima uzito wake, akapiga mluzi.

“Nafasi yako haina mtu wa kuigusa. Nani alikushauri uje mchana?”

“Huyu hapa, na daftari lake.”

Walijibanza chini ya bati la Mzee Kaloki kusubiri mvua ipungue. Maji yalikuwa yakimchuruzika Abdulmajid ndevuni.

“Sijawahi kukueleza,” alisema. “Siku mama yako alipozidiwa, nilimpeleka zahanati iliyokuwa karibu. Dawa haikuwepo. Nikauliza, kwa nini hamkuagiza? Wakanionyesha daftari. Kwenye daftari dawa ilikuwepo tele, Hayat. Mkubwa wao hakutaka kuonekana ameshindwa kazi, akaandika kwamba rafu zimejaa. Basi huko juu nani angeleta dawa mahali ambapo rafu zimejaa?”

Hayat aliyatazama maji.

“Mimi sikusoma sana. Lakini hili nimelisoma vizuri kuliko wenye vyeti. Anayeficha kapu tupu hamdanganyi mwalimu peke yake. Anamfungia njia kila mtu ambaye angeweza kumsaidia. Wewe ulikosea ukakiri, na siku ile ile ukapata msaada. Umekuwa mkubwa kuliko wakubwa wetu wengi. Usirudi nyuma.”

“Sitarudi, Baba.”

“Haya, toa hilo daftari kabla hujasahau. Samaki tisa.” Alifikiri kidogo, akaongeza, “Na yule aliyekata mshipi, mwandike pia.”