Gunia Lenye Joto

Kila alasiri, Mawingu alivua sare, akala haraka, kisha akaenda kugeuza mbegu za alizeti zilizoanikwa nyuma ya karakana ya mama yake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuacha kutazama juu. Mama yake alikuwa na mashine ya kukamua mafuta, na siku moja zilianikwa mbegu za shangazi: magunia matatu, jasho la msimu mzima.

Mwalimu alikuwa amewaagiza waandike kila kitu kiitwacho mafuta, matumizi yake na kinakotoka. Mawingu akajilaza chali kando ya turubai, daftari kifuani. Mafuta ya kula. Ya kujipaka. Ya cherehani. Ya taa na ya gari, yanayochimbwa chini kabisa ardhini. Akapasua mbegu moja kwa meno. Ndani palikuwa peupe, pakavu. Mafuta yamejificha wapi? Labda jua lote la shamba la shangazi liliingia humo, likalala, likingoja kuamshwa. Kope zake zikawa nzito.

Manyunyu ndiyo yaliyomwamsha. Upande mmoja wa turubai ulikuwa umelowa chapachapa. Mbiombio akazijaza mbegu zilizolowa ndani ya gunia moja, akazifunika kwa kavu, akafunga.

"Zimekauka?" mama akauliza.

"Zimekauka kau, mama."

Kesho yake shangazi akafika na madumu matupu. "Leo nitakuogesha mafuta mpaka uteleze!" akamtania.

Mawingu alicheka kidogo, akaegemea gunia. Lilikuwa na joto, kama tumbo la mnyama aliyelala. Akatumbukiza mkono. Mbegu zilikuwa zinatoa jasho, na harufu ya uvundo ikampanda puani. Mama alikuwa tayari ameshika swichi.

"Mama, usiwashe! Hizi zililowa. Nililala, nikazificha."

Mama akalimwaga gunia sakafuni, akanusa. "Umenidanganya mimi, na ungemlisha shangazi yako sumu. Ukungu wa mbegu unaharibu ini. Unafuata hadi kwenye mafuta."

"Wifi, basi nimepata hasara yote?" shangazi akauliza.

"Hapana. Mawili ni mazima, tunakamua sasa hivi. Hili tunatupa. Shambani kumebaki kitu?"

"Vichwa vya pembeni, sijavipukuchua."

"Mpukuchuaji huyu hapa. Atakuja kila Jumamosi mpaka gunia lijae."

Mawingu akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. "Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Ila uje na mikono, si macho tu!"

Mashine ikanguruma. Uzi mwembamba wa dhahabu ukaanza kushuka kwenye dumu, na Mawingu akasahau kufuta machozi. Mama akamshika bega.

"Usingizi humpitia kila mtu," alisema. "Ungeniambia jana, tungezianika tena na mambo yangekwisha. Hazikuoza kwa sababu ulilala, mwanangu. Zilioza kwa sababu ulizificha."