Umeme Haukukatika

Kila siku saa tisa alasiri Milembe alitoka shuleni akiwa na mambo mawili kichwani: chakula, na kompyuta ya shangazi yake. Chakula kilikuwa nyumbani na kompyuta ilikuwa dukani, lakini miguu yake siku zote ilianzia dukani. Shangazi Pelagia alilijua hilo. Ndiyo maana alimwekea bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga chini ya kaunta, mtoto asije akazimia kwa njaa huku anatazama kioo cha kompyuta.

Duka lenyewe lilikuwa karibu na soko, mjini Bariadi. Ilikuwa steshenari ndogo yenye mashine ya kutoa kopi, printa na kompyuta moja ambayo shangazi aliifunika kwa kitambaa kila jioni. Mlango wa pili alikuwapo kinyozi Ngeleja, mtu wa maneno mengi. Waya wa mashine yake ya kunyolea ulipita kwenye tundu la ukuta ukachomekwa kwenye betri ya akiba ya shangazi, lile sanduku jeusi linaloshikilia umeme kwa muda mfupi unapokatika. Betri ilikuwa imebakiwa na tundu moja tu zima, na kwa ujirani mwema tundu hilo alipewa Ngeleja. Kompyuta ikachomekwa ukutani moja kwa moja. Betri ya kulinda kazi za watu sasa ikawa inalinda nywele zao.

Milembe alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Pale sokoni walimwita Injinia, kwa sababu aliweza kuitoa karatasi iliyokwama kwenye printa bila kuichana, na aliweza kumwekea mteja picha kwenye barua. Sifa hizo zilimwingia kichwani. Alianza kuamini kwamba maandishi ya onyo yanayotokea kwenye kioo huandikwa kwa ajili ya watu wasiojua.

Wiki hiyo shangazi alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: vyeti vya mahafali ya darasa la saba. Wahitimu walikuwa mia moja na kumi na wawili, kila mmoja na jina lake na picha yake. Kwa wiki mbili shangazi aliandika, akapunguza picha, akapanga mistari. Ilikuwa mara ya kwanza shule kumwamini kwa kazi kama hiyo.

"Jumamosi saa tatu asubuhi mgeni rasmi anaanza kugawa," alisema Mwalimu Mkuu, Mwalimu Machibya. "Nikutegemee, mama?"

"Vitakuwa tayari, mwalimu," alijibu Pelagia, na neno lake pale mjini lilikuwa neno.

Jumatano ikaja printa mpya. Ili printa ifanye kazi, ilihitaji draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana nayo. Shangazi alikuwa anatoka kwenda kuchagua karatasi ngumu za vyeti.

"Weka draiva ya printa tu," alimwambia Milembe. "Kitu kingine usiguse."

Milembe alimaliza kwa dakika kumi. Printa ikakohoa, ikatoa ukurasa safi. Angeishia hapo hadithi hii isingekuwapo. Lakini mafanikio yalimlewesha. Aliona mtandaoni kwamba hata sauti ina draiva mpya, akaiweka. Akaweka na ya mtandao. Zote zikakubali. Mwishoni mwa orodha kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki: BIOS.

Milembe alikuwa amewahi kulisikia neno hilo. Ndani ya kompyuta kuna bodi kubwa ambayo mafundi huiita mazabodi, na ndani ya bodi hiyo hukaa programu ndogo inayoiamsha kompyuta kila asubuhi. Hiyo ndiyo BIOS. Bila hiyo, vingine vyote havijui hata pa kuanzia. Kulikuwa na mafaili mawili yenye majina yanayofanana, tofauti ikiwa tarakimu moja mwishoni. Alichukua la juu, kwa sababu lilikuwa juu, akalihifadhi kwenye flashi. Likatokea onyo refu lenye maandishi mekundu. Alisoma maneno matatu, akabonyeza ndiyo.

Mstari wa kijani ukatembea hadi mwisho. Kompyuta ikajizima, kisha ikajiwasha. Feni ikazunguka, taa ya mbele ikawaka, lakini kioo kilibaki cheusi.

Milembe alibonyeza kitufe. Akachomoa waya, akahesabu hadi kumi, akauchomeka tena. Akaifuta vumbi. Akaigonga mgongoni polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kucheua. Akasali. Kioo kilibaki cheusi vilevile.

Ndipo shangazi akaingia na karatasi zake kifuani. "Mbona giza?"

Mdomo wa Milembe ulijibu kabla ya kichwa. "Umeme ulikatika, shangazi. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu. Haijawaka tena."

Ni uongo rahisi kuliko wote, maana hakuna anayedai shahidi. Kila mtu umeme umewahi kumkatikia. Mtu mmoja tu ndiye aliyeshangaa. Ngeleja alichungulia mlangoni, mashine ikinguruma mkononi.

"Umekatika leo? Mbona redio yangu, isiyo na betri, imeimba tangu asubuhi bila kunyamaza?"

"Ngeleja, endelea na vichwa vyako," shangazi alimkatiza. "Milembe wangu hadanganyi."

Maneno hayo yalimchoma Milembe kuliko ambavyo kiboko kingemchoma. Matobolwa ya siku hiyo yalibaki kwenye bakuli.

Alhamisi akaja Fundi Mektilda. Alikuwa dada mchangamfu mwenye kibanda karibu na stendi, na begi lake lilikuwa na bisibisi za kila ukubwa. Kabla hajagusa kitu alimgeukia Milembe, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Injinia. Ilikuwa inafanya nini kabla haijazimika?"

"Hakuna," alisema Milembe, akitazama vidole vyake vya miguu. "Umeme tu."

"Basi tuanzie kwenye umeme," alisema fundi. Akaona kwamba huenda kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta kimeungua. Bariadi hakikupatikana cha aina ile. Wakapiga simu Maswa, na kikatumwa kwa basi Ijumaa asubuhi.

Ijumaa saa tisa Milembe alifika dukani akitweta. Fundi alikuwa amekwisha kukifunga kifaa kipya. Akawasha. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akavisafisha, akavirudisha, bila mafanikio. Fundi alikaa chini, akapangusa jasho.

"Mayu Pelagia, nadhani umeme umeunguza mazabodi yenyewe. Nyingine mpaka Mwanza, na leo hatuiwahi."

"Si tuitoe diski tuiweke kwenye kompyuta yako?"

"Diski hii ni kijiti kipya kinachobanwa kwenye bodi. Zangu ni za zamani, hazina pa kukiweka."

Shangazi hakulalamika. Alikung'uta nguo yake, akajifunga kitenge upya, akachukua pochi. "Basi niende kwa Mwalimu Mkuu kabla hajatoka ofisini. Ni afadhali ajue leo kuliko kesho mbele ya wazazi." Alipofika mlangoni alimwona Milembe midomo inamtetemeka. Akarudi, akamshika bega. "Usilie, mama. Si kosa lako. Umeme ndivyo ulivyo."

Hapo Milembe akashindwa.

"Umeme haukukatika!" alisema kwa sauti iliyomfanya hata Ngeleja azime mashine. "Ni mimi. Niliweka BIOS mpya. Kulikuwa na onyo, sikulisoma. Nilidanganya, shangazi. Nisamehe."

Upande wa pili wa ukuta redio ya Ngeleja ilikuwa ikiimba. Shangazi aliiweka pochi juu ya kaunta taratibu sana. Uso wake ulikuwa na huzuni, na huzuni ile ilimuuma Milembe kuliko hasira.

Lakini Fundi Mektilda alikuwa amesimama wima. "Rudia. Uliweka BIOS? Faili ulilotumia bado lipo?"

"Lipo kwenye flashi."

"Lete!" Fundi alimulika tochi ya simu ndani ya kompyuta, akasoma maandishi madogo yaliyochapwa pembeni ya bodi, kisha akatazama jina la faili. Akapiga paja. "Bodi hii ni toleo la pili, wewe umeipa programu ya toleo la kwanza! Siku mbili natibu mguu, kumbe mgonjwa anaumwa tumbo. Mazabodi haijaungua. Ina tundu lake nyuma na kitufe kidogo, inaweza kulishwa programu sahihi hata ikiwa imelala. Dakika tano tu."

Akatoa kompyuta yake ya mkononi, akamsogezea Milembe. "Wewe ndiye utatafuta faili. Soma jina lote, tarakimu zote, kwa sauti."

Milembe alisoma mara tatu. Safari hii alisoma na onyo lote jekundu, neno kwa neno, na lile asilolielewa akaliuliza. Onyo lilisema: hakikisha toleo la bodi yako, usizime umeme kazi ikiendelea.

"Umeme ukikatika katikati, ndipo tutakwenda Mwanza kwelikweli," alisema fundi. "Kompyuta ikae kwenye betri."

Wote watatu walitazama tundu la ukutani lililopitisha waya wa Ngeleja.

"Jamani, nina mteja!" alilia Ngeleja. "Nimemaliza upande mmoja tu!"

"Akae na upande huo kwanza," alisema shangazi, akauchomoa waya wake, akachomeka mahali pake kompyuta pamoja na kioo chake.

Flashi ikachomekwa, fundi akabonyeza kitufe kile kidogo. Taa nyekundu ikaanza kukonyeza. Ikapita dakika moja, zikawa mbili. Mteja wa Ngeleja, mfanyabiashara wa pamba mwenye nusu ya nywele, alikuja naye kutazama.

Dakika ya tatu, taa ya dari ikazimika. Redio ya Ngeleja ikanyamaza katikati ya wimbo.

Wote wakamgeukia Milembe.

"Safari hii si mimi!" alisema akiinua mikono juu.

Betri ikaanza kulia, pii, pii, pii. Hakuna aliyecheka. Shangazi alifumba macho. Taa nyekundu ikaendelea kukonyeza, ikakonyeza, kisha ikatulia. Fundi akasubiri kidogo zaidi, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Kioo kikawaka. Kompyuta ilikuwa imesahau tarehe na ikadhani bado ni miaka mingi iliyopita, lakini fundi aliirekebisha, na vyeti vyote mia moja na kumi na viwili vilikuwapo mahali pake. Shangazi alipiga vigelegele hadi wauza nyanya wakaja kuuliza nani anaolewa.

"Wabeja, mwanangu, wabeja sana!" alimshukuru fundi. Hata mteja mwenye nusu ya nywele alishangilia. Kisha wakaizima kompyuta wakangoja. Umeme uliporudi baada ya nusu saa, mteja huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi kwenye kiti cha Ngeleja.

Vyeti vikaanza kutoka, kimoja kimoja. Milembe alivipanga kwa mpangilio wa majina. Baada ya muda shangazi akaketi karibu naye.

"Nilipokuwa na umri wako kule Mwamapalala, nilichunga ng'ombe wa baba. Siku moja nilikuwa nacheza mtoni, ng'ombe mmoja mwekundu akapotea. Niliogopa kusema nilikuwa nacheza. Baba aliponiuliza nilimwona wapi mara ya mwisho, nikasema kilimani. Wanaume wa kijiji kizima wakapanda kilima. Kutwa nzima wanaita, wanachomwa na miiba."

"Naye alikuwa wapi?"

"Pale pale mtoni! Ameingia kwenye mpunga wa jirani, anakula kwa raha zake. Asubuhi yake niliposema kweli alipatikana upesi, lakini mpunga ulikuwa umekwisha."

Milembe alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kukosea hakukufanyi mtoto mbaya," alisema shangazi. "Hata mimi nina kosa langu, sikuweka nakala ya vyeti hivi mahali pengine. Lakini anayekusaidia kutafuta huanzia pale unapomwonyesha. Ukimwonyesha kilima, atapanda kilima. Mektilda ana akili na mikono, ila uongo wako ulimpotezea siku mbili. Ukweli wako umeiponya kompyuta kwa dakika tano. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Vizuri. Kifaa cha Maswa utakifungasha mwenyewe kirudi kilikotoka. Na kila Jumamosi, kwa mwezi mzima, utafagia kibanda cha Mektilda."

"Na nitamfundisha kusoma maonyo," aliongeza fundi, "mpaka ayaote."

Jumamosi saa tatu mgeni rasmi aligawa vyeti. Mwalimu Machibya alivisifu mbele ya wazazi wote, na shangazi, akiwa mstari wa tatu na kitenge chake kipya, alijifanya anatafuta kitu kwenye pochi ili watu wasione macho yake.

Wiki iliyofuata, mchana mmoja wateja wakiwa wamejaa, kioo cha kompyuta kilizimika ghafla. Ngeleja akachungulia, mdomo tayari wazi. Shangazi akamwinulia kidole anyamaze, akamtazama mpwa wake.

"Milembe. Kilima au mto?"

"Mto, shangazi," alijibu Milembe, akiinama chini ya meza. "Nimeuvuta waya kwa mguu."

Akauchomeka, na kioo kikawaka.