Mji Aliopewa Nasma

Mikono miwili iliishika kompyuta mpakato moja, saa ambayo Mtaa wa Aggrey ulikuwa umeumuka watu kama unga uliotiwa hamira.

"Kaka, hii nimeishika mimi."

"Umeshika mfuniko, dada. Kitako nimekishika mimi."

Mangi Aristides, mwenye duka la kompyuta za mtumba, akacheka mpaka kalamu ikamdondoka sikioni. "Mkiivunja, mmeinunua wote!"

Binti alivaa baibui la buluu iliyokoza, mtandio rangi ya bizari, na raba nyeupe za Mchikichini zilizosuguliwa mpaka zikasahau kuwa ni mitumba. Huyo ndiye Nasma, aliyelelewa na ami yake Upanga. Kijana ni Bakili, mrefu, fulana yake imechorwa tausi kifuani. Nasma alipomwona yule tausi akaiachia kompyuta kama imemchoma.

"Kumbe mtu wa Tausi!"

"Na wewe?"

"Kifaru."

"Ndiyo maana una ngozi ngumu."

Msishangae, wajukuu zangu. Upo mfumo wa kuendeshea kompyuta unaoitwa Linux. Hauuzwi, kila anayeutaka anauchukua na kuupika apendavyo. Hapa mjini vikundi viwili vya vijana wa kujitolea vilikuwa vimeupika, kimoja kikauita wa kwao Tausi, kingine Kifaru. Unga ni ule ule. Lakini programu sharti ifungashwe ndipo iingie kwenye kompyuta, na kifurushi cha Tausi hakifunguki kwa Kifaru. Basi kazi moja ikafanywa mara mbili, na watu wasiolipwa, na bado wakanuniana.

Nasma alikuwa anafungasha programu ya zahanati, ya kuandikisha wagonjwa. Bakili naye ile ile. Waliligundua hilo wakinywa juisi ya miwa nje ya duka.

"Lile kosa la tarehe limenikondesha!" Nasma akasema.

"Mimi nililirekebisha tangu masika."

"Ukakaa kimya?"

"Hukuniuliza, mpenzi."

Neno lilimtoka kabla hajaliruhusu. Nasma akaziba mdomo kwa mtandio, macho yakacheka peke yake.

Wakaanza hapo. Walitaka kutengeneza chombo kimoja cha kufungashia: unaandika maelekezo mara moja, kinatoa kifurushi cha Tausi na cha Kifaru. Wa Kifaru wakamwita Nasma msaliti. Wa Tausi wakamuuliza Bakili amelishwa nini. Wawili hao hawakurudi nyuma, na kazi ikichosha, walipigiana simu wakategeana vitendawili.

"Kitendawili."

"Tega, habibi."

"Nyumba mbili, udongo mmoja, ufunguo wa hii haufungui ile."

"Rahisi hiyo, Bakili. Tausi na Kifaru. Sasa na mimi: kitendawili!"

"Tega."

"Nikiwa naye nasahau njaa, akiondoka nasahau chakula."

"Mh. Hapo umenishinda."

"Nipe mji." Maana ndivyo mchezo ulivyo, aliyeshindwa hutoa mji.

"Chukua Mtwara, kwetu."

"Mtwara nimekwenda, nikala korosho, wakwe wakanitandikia mkeka. Jibu lake ni wewe, mjinga wewe!"

Miezi ikapita, wagomvi wakachoka kugomba, na vikundi vikakubali kutoa toleo la kwanza la pamoja. Watu hawa wana desturi: toleo likikaribia, mlango unafungwa. Hakipokelewi kitu kipya, hata kiwe kizuri namna gani. Yanarekebishwa makosa tu. Kipya kinasubiri toleo lijalo. Mshika mlango alikuwa Bakili. Kila aliyemletea jambo alimjibu maneno yale yale, mpaka ulimi ukayazoea.

Mchana mmoja Nasma akampigia, amesimama kwenye ngazi za ghorofa lao.

"Bakili, kuna watu wametoka Tanga. Wameleta posa. Ami ananiuliza kama nina mtu. Nimwambie nini?"

Macho ya Bakili yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Programu ya zahanati ilikuwa imekataa kufunguka upande wa Kifaru. "Nasma wangu, mlango umefungwa. Toleo likitoka tutazungumza, sawa?"

"Nimekuambia posa."

"Nimesikia, roho yangu. Itasubiri toleo lijalo." Akacheka. Alidhani amechekesha.

Chini, bajaji ikapiga honi.

"Haya," Nasma akasema.

Bakili akaisikia haya ile kama ridhaa. Nasma akapanda ngazi, akanawa uso. Ami Abdulmajid, mtu mpole ambaye angempokea kijana yeyote mwenye adabu, akamuuliza tena: "Mwanangu, una mtu?"

"Sina, ami."

Toleo likatoka. Programu ya zahanati ikafunguka kwa Tausi, ikafunguka kwa Kifaru, na walionuniana wakakumbatiana. Bakili hakukaa kwenye soda za kusherehekea. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akamchukua mama yake mdogo, Bi Anifa, na kanga mpya mkononi, wakaenda Upanga kuposa. Mlangoni wakakuta viatu vimejaa.

"Msiba?" Bakili akauliza.

Bi Anifa akaviangalia. "Msibani hawaendi na viatu vya shanga, mwanangu."

Ndani vikapigwa vigelegele.

Kabla ya kusafiri kwenda Tanga kwa mumewe, Nasma alipita dukani kwa Mangi, akamkuta Bakili. Hina ilimpanda mpaka viwiko, na udi ukaingia kabla yake.

"Kifurushi cha zahanati nakuachia," akamwambia Bakili. "Kitunze."

"Ungeniambia ni haraka."

"Nilikuambia posa. Kwenu haraka inaitwaje?"

"Nasma, nilidhani utasubiri."

"Nilikusubiri kwenye ngazi. Nilitaka useme tu, mwambie ami yupo. Mume wangu ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniuma, sina hata sababu ya kumchukia."

Mangi akajifanya anapangusa vumbi.

"Kitendawili," Nasma akasema polepole.

"Tega."

"Kiliingia nyumba mbili zilizogombana kikazipatanisha, waliokileta wakabaki nje."

Bakili alilijua jibu. Kilikuwa kile kifurushi chao. Lakini akijibu, mchezo umekwisha, na Nasma anaondoka.

"Sijui," akasema.

"Nipe mji."

Mtwara alishatoa. "Chukua Dar es Salaam. Yote."

"Dar nimekaa," Nasma akasema. "Nikanywa juisi ya miwa. Nikashika mfuniko, mwenzangu akashika kitako..."

Jibu hakulitaja. Alijitanda mtandio wake rangi ya bizari, akatoka, na mkokoteni wa marobota ukapita mbele ya Bakili. Ulipokwisha kupita, Aggrey yote ilikuwa migongo ya watu.