Mtoto wa Jiwe

Jiwe lilikuwa na joto. Peninah alidhani ni vidole vyake vilivyokufa ganzi kwa baridi, akaligusa tena shavu la yule mtoto, akasikia joto lile lile, la mtoto aliyetoka kunyonya.

Alikuwa amemsukuma Bibi Audrey kwenye kiti cha magurudumu mpaka ndani ya kanisa la kale huko Sutton Coldfield, Uingereza. Audrey alikuwa mmoja wa wazee aliowatunza kazini, na safari hiyo aliililia mwezi mzima. Ndani mlinuka nta na unyevu. Karibu na madhabahu palikuwa na kaburi la mawe: mwanamke aliyechongwa amelala chali, na ubavuni mwake kichanga kilichoviringishwa nguo mpaka shingoni. Walizikwa siku moja, Audrey alisema, miaka mia nne iliyopita.

"Mkono wangu haufiki, mwanangu. Nigusie shavu lake."

Basi akamgusia. Hakumwambia kwamba yeye mwenyewe alizika mtoto mwaka juzi, wa kiume, aliyeishi saa sita na hakuwahi kulia hata mara moja.

Walipotoka nje, Audrey alikuwa anacheka peke yake.

Kesho yake, saa saba mchana, Peninah alikuwa akikunja nguo kwenye fleti yao Stechford. Mtoto akalia. Kilio kilitoka ukutani, nyuma ya hita, chembamba na chenye hasira. Harufu ya nta ikajaa chumbani. Peninah akajitazama kifuani: blauzi ilikuwa imelowa maziwa.

Jioni mumewe, Mugambi, alirudi kutoka kazini na kusimama mlangoni na koti lake.

"Peni, zima hiyo simu."

"Si simu."

Wakasikiliza wote wawili. Mugambi akamshika mkono, akanong'ona, "Usikijibu. Unanisikia? Chochote kile, usikijibu."

"Ana njaa, Mugambi."

Siku ya nne Mugambi alimkuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, vifungo vya blauzi vimefunguliwa, akiimba kwa Kimeru wimbo ambao mama yake Mugambi aliwaimbia wajukuu, na kifuani pake palikuwa na alama za meno madogo, nyeusi, zimepangana kama za mtu mzima aliyezeeka, naye alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa imemvuka kidoleni, lakini usoni alikuwa na furaha ambayo Mugambi hakuiona tangu siku ya mazishi.

Alama zile zilimtisha hata Peninah alipoziona kwenye kioo. Alimfuata Audrey chumbani kwake.

"Ulinipa nini?"

Ajuza alipaka siagi kwenye mkate wake mpaka pembeni kabisa. "Miaka sitini nimemsikiliza. Aliwamaliza wanangu wawili tumboni. Tangu uliponigusia shavu lake, nalala mpaka asubuhi." Akainua kikombe. "Chai hii imepoa, mpenzi. Niongezee."

Mugambi ndiye aliyemwita Mama Dative, Mkongomani wa Bukavu ambaye watu walimfuata kwa maombi. Alifika Jumapili alasiri, akavua viatu, akaweka sikio ukutani kwa muda mrefu.

"Hii haiko mutoto," alisema polepole. "Iko kitu ya zamani sana. Inajua kulia tu, basi."

"Mfukuze, Mama," Mugambi alisihi.

"Mi naweza omba mupaka kesho, haitatoka. Muke yako ndiye aliikubali." Akamgeukia Peninah, akamshika mabega. "Sema na kinywa yako: toka, mi si mama yako."

Peninah alitikisa kichwa. Mama Dative alianza kuomba, kwanza kwa sauti ya chini, halafu akipiga kofi sakafuni, na kilio kikapanda juu ya maombi yake, kikawa kikubwa mpaka vikombe vikagongana kabatini, na harufu ya nta ikageuka kuwa ya udongo uliofukuliwa, na Mugambi akapiga magoti akimwambia mkewe sema, Peni, sema tafadhali, itakuua, ndipo kilio kikakatika ghafla, na kutoka ukutani, karibu kabisa na sikio la Peninah, kwa sauti laini ya mtoto anayejaribu neno lake la kwanza, pakasemwa, "Mama."

Peninah alifumba macho.

"Toka. Mimi si mama yako."

Kililia upya, safari hii kama kinachopigwa. Kilipita katikati yao, kikapita chini ya mlango, kikashuka ngazi moja baada ya nyingine, kikiita mama, mama, mpaka hakikusikika tena. Maziwa yakakauka palepale. Mama Dative aliimba sifa. Mugambi alilia kwa shukrani. Peninah alilala kifudifudi kwenye zulia, na hakuna aliyeweza kumwinua.

Asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Rehana, binti wa fleti ya chini, mwenye mimba ya miezi minane, akitabasamu kwa haya.

"Samahani, dada. Jana nilisikia mtoto analia mlangoni kwangu, anaita mama. Nikaona vibaya, nikafungua aingie. Sikuona mtu." Akajipapasa tumbo kwa upole. "Lakini huyu wangu ametulia tangu jana! Hajanipiga teke hata moja."