Bolti Iliyorudishwa

Kila asubuhi kijana alipiga magoti na kumfunga dada yake kamba za viatu.

"Taratibu, bwana mdogo. Hufungi mbuzi," dada alimwambia.

Dada ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa gereji yao. Sasa mkono wake wa kulia haukuweza kushika hata kijiko.

Mwaka uliopita, bolti inayoshika chuma cha gurudumu la kushoto la gari lao ilikuwa imelika na kupinda. Dada aliagiza inunuliwe mpya. Mdogo wake aliona uvivu kwenda dukani. Aliinyoosha kwa nyundo, akairudisha, akasema ni mpya. Wiki hiyohiyo gurudumu lilichomoka barabarani. Dada ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Sasa upande wa kulia wa gari hilohilo ulikuwa unagonga. Bushi, ule mpira unaozunguka bolti, ulikuwa umekwisha. Na kesho yake mama yao alikuwa na kliniki.

"Mama hapandi gari hilo," dada alisema, "mpaka uniwekee mkononi bolti ya zamani ya upande huo, nijue umeitoa."

Akaketi kwenye kigoda. Mdogo wake akainua gari kwa jeki, akaweka stendi imara chini yake. Kisha akachukua spana na bomba refu la kuongeza nguvu.

"Weka bomba chini. Bolti ina kutu. Ukiilazimisha, kichwa kitakatika."

"Basi niipige moto."

"Na mpira hapo? Na mafuta ya breki? Unataka kutuchoma pia?"

Aliweka bomba chini.

"Nimetubu, dada. Naamini Mungu amenisamehe."

"Mungu ni mwingi wa rehema. Mimi nina mkono mmoja. Leta brashi ya waya."

Alisugua kutu mpaka nyuzi za bolti zikaonekana. Akapulizia mafuta ya kulegeza kutu. Akataka kuanza.

"Subiri. Kunywa chai kwanza. Mafuta yanahitaji muda kupenya."

Waliporudi, alipulizia tena na kugonga kichwa cha bolti polepole. Spana ya kawaida iliteleza.

"Kona zimelika. Tafuta soketi ya pembe sita inayobana sawasawa. Kaza kidogo, kisha legeza. Kidogo kidogo."

Aliomba kimoyomoyo. Bolti ikalia, ikasogea, ikagoma, ikasogea tena. Mchana ilitoka. Ilikuwa imeliwa na kutu katikati, nyembamba kama penseli.

Aliifuta, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto cha dada yake. Dada aliitazama muda mrefu.

"Hii ungeirudisha?"

"Ningeirudisha," alijibu. Safari hii hakudanganya.

Alikwenda dukani kwa miguu. Akaleta bushi mpya, bolti mpya na nati mpya. Bolti na nati alizikaza kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kama dada alivyoelekeza, ili mpira usijipinde.

Kesho yake gari halikugonga. Mama alisinzia njiani, kwenda na kurudi. Dada hakupanda.

"Wewe je, dada?" alimuuliza waliporudi.

"Mimi bado."

Asubuhi iliyofuata alipiga magoti kama kawaida. Bolti ya zamani ilikuwa juu ya kigoda, usawa wa macho yake.

"Iache hapohapo," dada alisema. "Funga kamba."